Samaki wa Ziwa Tanganyika katika tangi la kioo: nani akae na nani?

Mtu akisimama penye mawe kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira au wa Kalemie, siku maji yametulia, ataona samaki wadogo wakipita huku na huku chini ya miguu yake. Huyu ana mistari kama punda milia, yule ni wa manjano tupu, wengine ni weusi wenye mshipi mwekundu. Sisi wa huku twawaona tangu utoto wala hatuwashangai, kwa maana samaki wa kusifiwa kwetu ni ndakala na mikebuka, wanaofika chunguni. Lakini katika Ulaya, Marekani na Japani wako watu wanaowalipia fedha nyingi ili wawatazame tu nyumbani mwao. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikuwa akiwasafirisha kwa ndege toka Bujumbura, na samaki mmoja mzuri mwenye mkia kama mwezi mwandamo amepewa jina lake.

Samaki hao ni wa jamaa ambayo wataalamu huiita sikilidi. Tilapia ni ndugu yao, na kuhe, yule mkubwa wa ziwa letu, naye ni ndugu yao. Katika Tanganyika peke yake zimekwisha kuhesabiwa zaidi ya aina 200, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Basi haishangazi kwamba vijana wengine wa kwetu nao wameanza kuwafuga katika matangi ya kioo. Hao ndio tunaotaka kusema nao leo, kwa kuwa wengi hufanya kosa tulilolifanya sisi.

Tulikuwa na tangi la lita 200 hivi darasani. Mvuvi mmoja kijana alituletea samaki wa aina nne, na kati yao sita wa Brichard, kwa jina la wataalamu Neolamprologus brichardi. Walikuwa wapole kabisa. Tuliwachagua kwa ajili ya upole huo! Baada ya miezi michache wawili kati yao wakashika pango moja, wakataga mayai. Kumbe, samaki hawa wana desturi ya ajabu: watoto hawaondoki upesi, bali hubaki kwa wazazi, wakisaidia kulinda wadogo zao wanaozaliwa nyuma. Ukoo ukaongezeka, mpaka wake ukasogea jiwe kwa jiwe. Mwisho wageni wote walikuwa wamejibana katika pembe moja ya juu, mapezi yamechanika, na kila asubuhi wanafunzi walitoa maiti. Tulifadhaika sana. Hatukuwa tumeingiza mkali hata mmoja.

Tangu hapo hatuulizi tena kama samaki ni mpole au mkali. Twauliza: makao yake ni wapi, na chakula chake ni nini? Ziwani samaki hawa hawapendani kuliko walivyopendana darasani kwetu. Ila kila aina ina mahali pake, na anayefukuzwa ana pa kukimbilia. Tangi halina pa kukimbilia. Kwa hiyo yapasa kulipanga kama pwani ya ziwa, wala si kama sahani.

Chini, upande mmoja, weka mchanga laini na makombe matupu ya konokono wa ziwani. Hapo watakaa wale wadogo wa makombe, Neolamprologus multifasciatus, ambao dume mzima hapati sentimeta tano. Kila mmoja ana kombe lake. Huchimba mchanga kwa kinywa, na akiona kivuli huingia ndani. Hawana shauri na mtu aliye mbali nao kidogo. Upande wa pili panga mawe mengi yenye nyufa, yakae imara juu ya sakafu ya tangi kabla ya kumwaga mchanga, maana samaki wakichimba chini yake yataanguka na kuvunja kioo. Katika nyufa hizo wataishi Julidochromis, wembamba, wawili wawili. Chagua aina moja tu ya hao, kwa sababu aina mbili huweza kuzaa pamoja, nawe hutajua tena una samaki gani. Juu, penye maji matupu, waache Cyprichromis waogelee kwa kundi; jike wao hubeba mayai kinywani, basi hagombei pango la mtu. Hao huruka, kwa hiyo tangi lifunikwe. Makundi hayo matatu yataishi pamoja vizuri katika tangi lenye urefu wa mita moja na nusu.

Tropheus ni shauri jingine. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwa Tropheus ni kweli kabisa: ukiweka wawili au watatu, mwenye nguvu atamfuata mnyonge mpaka afe. Lakini weka kumi na watano au ishirini pamoja, na hasira ya mkubwa itagawanyika hata asimwumize mmoja sana. Tena wao hula majani membamba yanayoota juu ya mawe, na matumbo yao ni marefu mno. Wakilishwa nyama kama wenzao, hufura tumbo na kufa. Ndiyo maana twashauri wapewe tangi lao wenyewe.

Wala usidanganywe na uzuri wa yule mwenye kinundu cha paji la uso, Cyphotilapia frontosa. Hutembea polepole kama mzee wa heshima, naye hufika sentimeta thelathini. Usiku huwameza wadogo waliolala.

Juu ya maji twaeleza kwa ufupi. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi nyingi za mawe. Kipimo kiitwacho pH ni karibu 9. Maji ya mvua hayafai peke yake. Vipande vya mawe ya chokaa ndani ya chujio husaidia. Joto liwe kati ya digrii 24 na 27, na watu wa Lubumbashi wakumbuke usiku wa Juni na Julai. Tangi jipya lingoje majuma manne au sita kabla ya kujazwa, ili vijidudu vinavyosafisha uchafu vizaliwe. Umeme ukikatika, usiwalishe kabisa. Chota maji kwa kikombe na kuyamwaga toka juu, mara nyingi, ili yapate hewa.

Na ukichoka kuwafuga, usiwamwage mtoni wala katika sehemu nyingine ya ziwa. Tropheus wa mawe haya wana rangi yao, na wa mawe ya mbele rangi nyingine. Zaidi ya rangi mia zimejulikana, zilizotengana muda mrefu mno kwa mchanga na vilindi tu. Ndoo moja yatosha kuzichanganya. Mpe jirani mwenye tangi, au mrudishie mvuvi aliyekuletea, kama ajua hasa mahali alipowavua.