Galaksi Zilizowahi Kukua

Siku ya Krismasi mwaka 2021, saa nane na dakika ishirini mchana kwa saa za Gitega, roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba darubini ya James Webb. Ilivuka Atlantiki, ikaingia juu ya bara letu, na kabla nusu saa haijatimia darubini ilikuwa imeachana na roketi yake. Miongoni mwa antena zilizoifuatilia dakika hizo ilikuwamo ya Malindi, pwani ya Kenya, kwenye kituo cha anga kilichoanzishwa na Waitaliano miaka ya 1960. Ni kituo hicho hicho ambacho tarehe 12 Desemba 1970 kilirusha satelaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza anga kwa mionzi ya eksirei.

Naanzia huko kwa sababu ubishi ulioletwa na Webb hutufikia Gitega na Muyinga kama mambo ya watu wa mbali, kwa video fupi za simu zinazotangaza kwamba Mlipuko Mkuu, ule mwanzo wa ulimwengu, umekanushwa. Haujakanushwa. Kilichotikiswa ni kitu kingine, na inafaa tukijue vizuri.

Webb huona mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayaupati. Ulimwengu unatanuka, na mwanga unaosafiri ndani yake hurefuka pamoja nao. Chukua galaksi iitwayo JADES-GS-z14-0, iliyotangazwa Mei 2024. Haidrojeni iliyotanda kati yake na sisi humeza mwanga wake wote wenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 121.6, hivyo mwanga huo unakatika ghafla kwenye urujuanimno. Katika vipimo vya Webb, mkato huo huo umeonekana karibu na nanomita 1,860. Wimbi limerefuka mara 15 hivi. Kwa kipimo hicho wataalamu wanajua kwamba mwanga huo ulianza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka takriban milioni 300, na leo una bilioni 13.8.

Galaksi changa kiasi hicho ilitarajiwa iwe ndogo na hafifu. Hii ina upana unaozidi miaka 1,600 ya nuru na inang'aa kupita matarajio. Kisha Machi 2025, wanaastronomia waliotumia darubini ya redio ya ALMA huko Chile wakatangaza kwamba ina oksijeni. Habari hiyo ndiyo iliyonishtua zaidi. Mlipuko Mkuu ulitoa haidrojeni, heli na lithi kidogo sana. Oksijeni hupikwa ndani ya nyota na kutawanyika nyota kubwa zinapokufa. Maana yake, kufikia wakati ule tayari kulikuwa na nyota zilizozaliwa, zikaishi, zikafa.

Ukipita shambani ukakuta mahindi yametoa mbelewele wiki tatu baada ya kupandwa, utauliza habari za mbegu, mbolea na mvua. Hutasema hayakupandwa. Hapo ndipo walipokosea wengi mwaka 2022. Agosti ya mwaka huo, Mmarekani Eric Lerner, ambaye kitabu chake cha 1991 kilidai Mlipuko Mkuu haukuwahi kutokea, aliandika kwamba picha za Webb zimewatia wataalamu kiwewe. Alimnukuu mwanaastronomia Allison Kirkpatrick wa Chuo Kikuu cha Kansas, naye mwenyewe akalalamika kwamba maneno yake yamepotoshwa. Makala ilienea kuliko malalamiko.

Wazo la mwanzo wenye joto na msongamano halikutokana na picha za galaksi changa. Mwaka 1931, Urundi ikiwa chini ya Wabelgiji na Kitega ikiwa makao ya utawala wao, padri Mbelgiji Georges Lemaître, mwalimu wa fizikia huko Louvain, alipendekeza kwamba ulimwengu wote ulitokana na kitu kimoja kilichoshindiliwa mno. Ushahidi mkubwa ulikuja mwaka 1965, Arno Penzias na Robert Wilson walipotangaza mnururisho wa mikrowevu unaotoka kila upande wa anga. Ni masalio ya joto la kale, ambayo sasa yamepoa hadi nyuzi 270 chini ya sifuri. Lemaître alipata habari hiyo muda mfupi kabla ya kufariki Juni 1966. Webb haijaugusa ushahidi huo.

Ilichogusa ni hesabu za jinsi galaksi zinavyokua. Februari 2023 Ivo Labbé na wenzake walieleza galaksi sita ambazo zilionekana kubwa kupita kiasi kwa umri wao. Utafiti uliofuata, wa Agosti 2024, ulionyesha kwamba sehemu ya mwanga katika baadhi ya galaksi za namna hiyo hutoka kwenye gesi inayozunguka mashimo meusi, kwa hiyo uzito wake ulikuwa umekuzwa. Lakini hata baada ya kuziondoa hizo, galaksi kubwa zilibaki karibu mara mbili ya zilizotarajiwa. Huenda nyota za kale zilizaliwa kwa kasi kuliko za leo. Kazi hiyo inaendelea.

Kwangu mimi, tatizo zito zaidi liko kwenye kasi ya kutanuka. Ukiikokotoa kutokana na mnururisho wa kale, unapata takriban kilomita 67 kwa sekunde kwa kila miaka milioni 3.26 ya nuru. Ukiipima kwa nyota na galaksi za jirani, kama anavyofanya Adam Riess na wenzake, unapata 73. Wengi walidhani Webb ingegundua kosa kwenye vipimo vya darubini ya Hubble. Riess alipovihakiki kwa Webb, vikasimama. Wendy Freedman wa Chicago, naye akitumia Webb, amepata kama 70, hivyo hata wapimaji wenyewe hawajaafikiana.

Ngazi ya kwanza ya vipimo hivyo inaonekana kutoka Muyinga. Mwanzoni mwa Januari mvua ikipungua, usiku usio na mbalamwezi, panda kilimani saa tatu, utazame kusini. Doa lile la ukungu lililo chini kidogo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani iliyo umbali wa miaka kama 160,000 ya nuru. Nyota zake zinazopwita ni mojawapo ya rula ambazo umbali wa galaksi nyingine hupimwa kwazo. Ukigeuka kaskazini-magharibi utaikuta Andromeda, umbali wa miaka milioni 2.5 ya nuru. Aliyeko London hawezi kuliona hilo Wingu hata siku moja. Aliyeko Cape Town huiona Andromeda kwa shida, imelala karibu na upeo. Sisi tulio karibu na ikweta tunapata zote mbili usiku mmoja, bila chombo chochote.

Mbali na ubishi huo wa 67 na 73, Machi 2025 mradi wa DESI, unaopima mamilioni ya galaksi kutoka Kitt Peak, Arizona, ulitoa dalili kwamba nishati ya giza, ile inayousukuma ulimwengu utanuke kwa kasi inayoongezeka, huenda inadhoofika kadiri muda unavyopita. Dalili hizo bado hazijafikia kiwango ambacho wanafizikia hukidai kabla ya kuita jambo ugunduzi. Zikifikia, hata ile miaka bilioni 13.8 itabidi ikokotolewe upya.