Ghala ni moja, milango ni miwili

Haraka haraka haina baraka. Methali hii niliisoma nikiwa mtoto na nikaifundisha darasani kwa miaka mingi, lakini maana yake kamili niliijua mwaka 2023, jioni moja ya Agosti, nilipokuwa nimeketi mbele ya tarakilishi yangu na kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta.

Tarakilishi hiyo niliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, na diski yake ni ya GB 128 tu. Jioni hiyo ilinionya kwamba nafasi imekwisha, ikakataa hata kuhifadhi ripoti niliyokuwa nikiiandika. Nilipopekua huku na huko niligundua kwamba folda moja ilikuwa imemeza karibu nusu ya diski. Ndani yake mlikuwa na picha na video zote nilizowahi kupiga kwa simu yangu, ilhali mimi sikukumbuka kuziweka humo. Nikajiambia: hizi ni nakala tu, maadamu zenyewe zimo simuni, za nini kurundikana hapa? Nikaziteua zote, nikazifuta, nikalimwaga na pipa la taka. Nafasi ikapatikana, ripoti ikahifadhiwa, nami nikaenda kulala nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Msomaji, hebu sasa nikueleze nilichokifuta. Mama yangu aliaga dunia mwaka 2020. Katika miaka miwili ya mwisho ya uhai wake, kila nilipomtembelea nilikuwa nikimpiga video akisimulia: majina ya mababu zetu na sababu ya kila jina, njia waliyopita walipohama, nyimbo za arusi ambazo hakuna mwingine aliyezijua pale kijijini, na vituko vya usichana wake ambavyo alivieleza huku akicheka hadi machozi yakamtoka. Zilikuwa video 31.

Desemba ya mwaka huo huo wa 2023 tulikusanyika nyumbani. Wajukuu wadogo, ambao nyanya yao walimwacha wakiwa wachanga, wakaomba wasikie sauti yake. Nikaitoa simu kwa majivuno makubwa. Nilitafuta, nikatafuta tena. Hapakuwa na kitu.

Niliamini kwamba simu imeharibika, au kwamba mtu amezidukua. Ni mpwa wangu, anayefanya kazi ya kutengeneza tarakilishi, aliyenivuta kando.

"Mjomba," akaniambia kwa sauti ya chini, "hakuna aliyekuibia. Ulizifuta wewe mwenyewe."

"Nilifuta zile za tarakilishi," nikamjibu.

"Zile za tarakilishi ndizo hizi hizi za simu."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu, na ninaliandika hapa kwa sababu nina yakini kwamba wako wengi ambao wamekaribia kulitenda. Sisi tuliozoea karatasi tunajua kwamba ukitoa nakala ya cheti kisha ukaichoma, cheti chenyewe hubaki kabatini. Lakini mashine zilizounganishwa kwa akaunti moja hazifuati desturi hiyo. Simu hupeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile iitwayo wingu, na tarakilishi nayo huzichukua huko. Kazi ya mfumo huo ni kuhakikisha kwamba kilichomo huku ndicho kilichomo kule. Ukiongeza, unaongeza kote. Ukifuta, unafuta kote. Hizo si ghala mbili zenye mahindi sawa. Ni ghala moja yenye milango miwili, na mtu akitoa magunia kwa mlango wa nyuma, asishangae akifika mlango wa mbele na kukuta sakafu tupu.

Ugumu ni kwamba huduma hizi hazifanani. Katika iCloud ya kampuni ya Apple, picha iliyofutwa kwenye chombo kimoja hufutika kwenye vyombo vyote vya akaunti hiyo vilivyounganishwa. Katika Google Photos, ukifuta kwa njia ya kawaida picha iliyokwisha pelekwa mtandaoni, hutoweka mtandaoni na simuni pia. Ila iko amri nyingine mahususi ya kuachilia nafasi, ambayo huondoa za simuni tu na kuziacha za mtandaoni. Na ziko huduma ambazo hupeleka picha upande mmoja tu, hata ukifuta kwenye tarakilishi simu haiguswi. Kwa hivyo aliyezoea moja akahamia nyingine anaweza kupotea njia akidhani yuko barabara ile ile.

Isitoshe, mashine zenyewe huacha mwanya wa toba, lakini mwanya huo una mwisho. iCloud huweka picha zilizofutwa kwa siku 30. Google Photos huziweka siku 60 iwapo zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni. OneDrive ya mtu binafsi huziweka siku 30, na Dropbox ya bure vivyo hivyo. Mimi nilifuta Agosti nikatafuta Desemba. Milango yote ilikuwa imefungwa.

Kuna watakaosema kwamba dawa ni kutofuta chochote na kununua nafasi zaidi. Ushauri huo ni rahisi kwa mwenye nacho. Google hutoa GB 15 za bure, ambazo barua pepe, faili na picha hugawana, na tangu Juni 1, 2021 kila picha mpya huhesabiwa humo. Apple hutoa GB 5. Kwa mtu anayepiga video za harusi, mazishi na mikutano ya chama, hizo ni kijiko tu cha uji. Kufuta kutakuwepo, linalofaa ni kujua jinsi ya kufuta.

Basi afanyeje mtu ambaye tarakilishi yake imejaa? Kwanza, aizime ile tabia ya tarakilishi kuchukua kila kitu. OneDrive, tangu mwaka 2017, inaruhusu faili ibaki mtandaoni huku tarakilishini ikionekana jina lake tu. Ukibofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, utaona amri ya kuachilia nafasi, ambayo ni tofauti kabisa na amri ya kufuta. Ukiitumia, alama ya wingu hutokea kando ya jina, kuashiria kwamba faili haimo diskini bali ingalipo. Dropbox na iCloud nazo zina njia yao ya kufanya hivyo. Lakini tukumbuke jambo moja: faili iliyobaki mtandaoni haifunguki pasipo intaneti, na kuirudisha hula bando. Anayekwenda mashambani kuwaonyesha wazee picha, azichukue kabla hajaondoka.

Pili, na hili ndilo la msingi, kile unachokithamini kiwe na nakala ambayo haikuunganishwa na kitu. Wapiga picha wa kulipwa wana kanuni iliyoenezwa na Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe mahali pengine. Diski ya nje iliyonakiliwa kisha ikachomolewa haijui kwamba umefuta kitu simuni, na ujinga wake huo ndio uliokosekana kwangu.

Asidhani mtu kwamba haya huwafika washamba kama mimi pekee. Mwaka 1998, studio ya Pixar huko California ilipokuwa ikitayarisha filamu ya Toy Story 2, amri moja ya kufuta iliyotolewa kimakosa ilianza kuiramba kazi ya wasanii chungu nzima. Walipokimbilia nakala zao za akiba wakakuta hazifai. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kazi hiyo, ambaye alikuwa amejifungua na kwa ajili hiyo akawa na nakala ya filamu katika tarakilishi ya nyumbani kwake. Ilikuwa imepitwa kidogo na kazi ya siku za karibuni, lakini ilikuwepo, na ilikuwa mbali na mkono uliofuta.

Nami niliokolewa kidogo kwa njia kama hiyo. Dada yangu anayeishi Mombasa aliwahi kuniomba video za mama, nami nikamtumia 3 kwa WhatsApp. Picha zake zimefifia kwa kuwa zilibanwa zilipokuwa zikitumwa, na uso wa mama hauonekani vyema. Lakini sauti inasikika. Katika moja anataja majina ya mababu sita, anafika la saba, anasita, kisha anasema atanikumbusha nikija tena. Jina hilo alilitaja katika video nyingine, mojawapo ya zile nilizozifuta, na mimi silikumbuki. Nimewauliza wazee waliosalia. Hakuna alijuaye.

Video hizo 3 sasa ziko simuni mwangu, ziko katika diski ya nje kabatini, na diski ya pili iko kwa dada yangu Mombasa. Tarakilishi imejaa tena, kama kawaida yake. Wiki iliyopita ilinionya, nami kabla ya kugusa lolote nikafungua simu, nikauzima mtandao, nikatazama ni kipi kimo humo kweli na kipi ni jina tu. Ilinichukua nusu saa. Msomaji, nusu saa hiyo usiione ni ndefu.