Injini Imezimwa, Presha Bado Ipo

Ndugu zangu mnaokwenda fildi kwenye karakana za mitambo, kuzima injini ya ekskaveta hakuondoi presha kwenye silinda. Mkono ukibaki juu, uzito wake wote unaikandamiza oili. Mfumo huo hufikia baa 300 na zaidi. Tairi la gari dogo ni baa 2 hivi.

Mimi kabla ya kushika spana nalaza kijiko chini, nazima injini, nawasha swichi tu na kuchezesha liva zote, kisha nafungua kifuniko cha tangi polepole.

Pistoni msiitoe kwa upepo wa kompresa, itaruka kama risasi. Wala msipapase panapovuja, tumieni kadibodi. Oili ikipenya ngozini, kitobo ni kama cha sindano. Kimbilieni hospitali saa hiyo hiyo hata kama hakiumi, la sivyo kidole kitakatwa.