Ukigusa, Umecheza

Jumamosi iliyopita mwanafunzi wetu mmoja wa miaka tisa alitoka analia kwenye mashindano ya sataranji hapa Chatsworth. Alikuwa anaongoza. Akamshika malkia, akaona hatari, akamrudisha, akapeleka mkono kwa farasi. Mpinzani wake, mdogo kuliko yeye, akamwita mwamuzi. Mwamuzi akasema: malkia lazima aende. Mama yake akaniuliza, "Mwalimu, hii si dhuluma?"

Si dhuluma, dada yangu. Katika mashindano, zamu yako ikifika, kete yako ukiigusa kwa nia ya kuicheza, ni lazima uicheze, mradi ina pa kwenda. Ukigusa ya mpinzani, uile kama unaweza. Ukitaka kuiweka sawa tu, sema kwanza "narekebisha", ndipo uguse. (Watoto, mpinzani wa Durban huenda hajui Kiswahili. Jifunzeni kuisema kwa Kiingereza pia!)

Sheria hii haina mdogo wala mkubwa. Mwaka 2014 mashindano ya vijana ya dunia yalifanyika hapa hapa Durban, na wa chini ya miaka 8 walifungwa nayo sawa na wa chini ya miaka 18.

Saa nayo ina adabu yake: mkono uliosogeza kete ndio huo huo unaobonyeza saa.

Kosa ni letu wakubwa. Nyumbani tunawaambia, "Haya mwanangu, rudisha, cheza tena." Mimi ni nesi; mkono wangu haugusi sindano kabla macho hayajasoma kadi ya mgonjwa. Mtoto naye akalie mikono yake mpaka amalize kufikiri.

Mnamkumbuka Phiona Mutesi wa filamu ya Queen of Katwe? Alianza sataranji kule Katwe, Kampala, kwa kufuata uji uliogawiwa watoto kwa kocha Robert Katende. Mwaka 2009 yeye na wavulana wawili waliiwakilisha Uganda kwenye mashindano ya watoto huko Juba, wakashinda. Juba hakukuwa na wa kuwaambia "rudisha".

Mtoto wetu alimpoteza malkia, akaendelea kucheza mpaka mwisho, akashindwa, akampa mwenzake mkono. Kilio kilimshika mlangoni. Jumamosi hii leteni ubao. Tutacheza bila kurudisha, na wazazi pia.