Siku za Rafu Tupu

Katika fomu ambayo zahanati hujaza kuagiza dawa kuna nafasi ndogo ambayo wengi huiruka: idadi ya siku ambazo dawa fulani haikuwepo kabisa. Tangu mfamasia wa halmashauri moja mkoani Dodoma anionyeshe nafasi hiyo, haijanitoka kichwani.

Alinipigia hesabu ubavuni mwa boksi tupu. Tuseme zahanati hutoa vidonge 20 vya dawa fulani kwa siku. Kwa siku 60 inahitaji 1,200. Dawa ikiisha siku ya 30, leja itaonyesha vimetumika 600 tu. Mhudumu asipoandika zile siku 30 za rafu tupu, anayesoma fomu ataamini kijiji kinatosheka na 600, na ndivyo vitakavyoletwa. Muhula unaofuata dawa itaisha tena katikati, na safari hii karatasi zote zitasema zahanati ilipata ilichoomba.

"Msambazaji hana kosa hapo," alisema. "Gari limefika, mzigo umetimia, sahihi imewekwa. Anayerudi mikono mitupu ni mama mwenye mtoto mgonjwa."

Akifika zahanati hufungua leja kabla ya stoo. "Siku tupu ziko wapi?" Wapo wahudumu wanaolihofia swali hilo, wakiona kuziandika ni kujishtaki. Yeye huwajibu: "Usipotaja njaa yako, nani atakupimia chakula?"

Dodoma ndiko ulikoanzia mfumo wa kununua dawa kupitia mshitiri, uitwao Jazia, mwaka 2014, kwa msaada wa Uswisi. Kufikia 2018 ulikuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania Bara. Kituo huagiza kwanza Bohari ya Dawa. Kinachokosekana huko, halmashauri hukusanya maombi ya vituo vyake na kuyapeleka kwa mshitiri wa mkoa, mfanyabiashara binafsi aliyeshinda zabuni. Mkoani Dodoma upatikanaji wa dawa muhimu zinazofuatiliwa ulipanda kutoka asilimia 69 mwaka 2014 hadi 94 mwaka 2018.

Mfamasia anaziheshimu takwimu hizo, ila hapendi zisifiwe kana kwamba kazi yote ilifanywa na gari. Mshitiri akipata maombi ya halmashauri za Chemba, Kongwa na Mpwapwa yakiwa ya kweli na kwa wakati, ananunua kwa wingi na bei inashuka. Akipata ya kubahatisha, anabaki na shehena inayokaribia kuisha muda wake. Malipo nayo ni hivyo hivyo. "Tukichelewa kumlipa, tumejichelewesha wenyewe," alisema, na kwa hilo naungana naye kabisa: huduma hii hutengenezwa na pande mbili, na upande wa zahanati ndio usioonekana.

Lakini mhudumu aliyezalisha usiku na kuchanja watoto asubuhi ataijaza leja saa ngapi? Na dawa ikikosekana hata kwa mshitiri, nani awajibike? Hilo la pili nilimuuliza, hakulijibu.

Zahanati ya umma ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wananchi, nayo hushuhudia dawa zikipokelewa. Kama wewe ni mjumbe, usiishie kuhesabu maboksi. Taja dawa mbili tatu ambazo majirani zako walizikosa, kisha omba uonyeshwe zilipoandikwa.