Mwana wa Mfalme Aliyerudi Bila Serikali

Wazee wa Nyeri hawakutawaliwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na baraza la wazee, yaani kiama. Basi mkulima wa Skuta aweza kuuliza: mfalme akinyang'anywa serikali yake, mwanawe atarithi kitu gani? Jibu laonekana katika maisha ya Kabaka Ronald Muwenda Mutebi wa Pili wa Buganda, katika nchi jirani ya Uganda.

Mutebi alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1955, baba yake, Kabaka Mutesa wa Pili, akiwa uhamishoni Uingereza, kwani Gavana Andrew Cohen alikuwa amemwondoa nchini mwezi wa Novemba, 1953. Mutesa alirudishwa Oktoba, 1955, na mwaka wa 1963 akawa Rais wa kwanza wa Uganda. Lakini yeye na Waziri Mkuu, Bwana Milton Obote, hawakupatana. Tarehe 24 Mei, 1966, askari walioongozwa na Idi Amin waliishambulia ikulu ya Mengo. Mutesa alitoroka akafika London, akafa huko Novemba, 1969, katika hali ya dhiki. Katiba ya mwaka wa 1967 ilikuwa imekwisha kuzifuta falme zote.

Mutebi alifiwa na baba yake akiwa na miaka 14. Alisoma Bradfield, kisha Cambridge, akaishi Uingereza bila kiti wala raia. Mwaka wa 1971 Amin yule yule, sasa akiwa Rais, aliuleta mwili wa Mutesa nyumbani, na kijana huyo akafika Kasubi kumzika baba yake kati ya makaburi ya wafalme. Kisha akarudi ugenini.

Subira huvuta heri. Mwaka wa 1993 sheria ilirudisha falme, na tarehe 31 Julai Mutebi akatawazwa katika kilima cha Buddo, Kabaka wa 36. Lakini kilichorudi si serikali. Katiba ya mwaka wa 1995 yamkataza mtawala wa jadi kuingia katika siasa za vyama, na yasema kwamba mtu yeyote asilazimishwe kumtii wala kuchangia gharama zake.

Hapo ndipo urithi wake ulipopimwa. Usiku wa tarehe 16 Machi, 2010, moto uliteketeza nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi. Kabaka hakuwa na uwezo wa kumtoza mtu hata senti moja. Hata hivyo, Katikiro wake, Bwana Charles Peter Mayiga, alipozunguka kuomba michango, wakulima na wachuuzi walitoa kwa hiari. Mchango huo uliitwa Ettoffaali, yaani tofali. Nyumba ikajengwa upya, na mwaka wa 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya mahali palipo hatarini.

Watu wa Mengo walihimiza pia kilimo kwa mwito wa Emmwanyi Terimba, maana yake kahawa haidanganyi. Mkulima wa Nyeri aijuaye kazi ya kahawa ataufahamu mwito huo bila mkalimani.

Jeshi laweza kuiteka ikulu kwa siku moja, na sheria yaweza kufuta cheo. Lakini heshima ambayo watu huitoa bila kulazimishwa haifutwi kwa kalamu. Nayo ndiyo iliyobaki kwa mwana wa Mutesa.