Gari Linalozima Likipata Moto: Tupime Kabla ya Kununua

Maombi ya fedha za matengenezo yanayotufikia kutoka sharikani yamekuwa yakifanana. Gari linawaka vizuri asubuhi, linatembea nusu saa au zaidi, kisha linazima lenyewe barabarani. Likiachwa lipoe linawaka tena kama vile hakuna kilichotokea. Ombi la kwanza huwa ni plagi mpya, la pili koili, la tatu pampu ya mafuta, na gari bado linazima. Kwa gari linalowahisha mama mjamzito hospitali, kusubiri injini ipoe njiani si jambo dogo. Aidha, vipuri vitatu vilivyonunuliwa kwa kubahatisha ni sadaka ya watu iliyopotea.

Ugumu wa tatizo hili ni kwamba ushahidi wake hutoweka haraka. Gari likivutwa hadi gereji huwa limeshapoa, na fundi anapima injini isiyo na kasoro yoyote. Kipimo chenye maana ni kile kinachofanyika palepale lilipozimia, likiwa bado la moto.

Kwanza dereva aangalie geji ya joto. Mshale ukiwa kwenye nyekundu, tatizo ni la upoozaji, yaani maji, feni, thamostati au rejeta, na mfuniko wa rejeta usifunguliwe hadi ipoe. Hilo ni suala jingine. Gari tunalolizungumzia hapa huzima huku mshale ukiwa mahali pake pa kawaida.

Kwa injini ya petroli swali ni moja: kilichokosekana ni cheche au mafuta? Fundi huchukua plagi ya akiba, akaiunganisha na waya wa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na mafuta, na mwenzake akapiga stata. Asiishike kwa mkono mtupu, kwani umeme wake ni mkali.

Cheche isipoonekana, wengi hukimbilia koili. Koili huharibika kwa joto, ni kweli, lakini kwenye magari ya kompyuta mshukiwa mwingine ni sensa ya krenki, kifaa kidogo kinachoiarifu kompyuta kwamba injini inazunguka. Katika aina nyingi ndani yake mna waya mwembamba uliosokotwa. Ukiwa na ufa, joto huutanua na mkondo hukatika. Ukipoa, ncha hugusana tena. Kompyuta isipopata taarifa hiyo, katika magari mengi hukata cheche na mafuta kwa pamoja. Dalili moja rahisi: stata inazungusha injini lakini mshale wa mizunguko umelala kwenye sifuri. Mashine ya kusoma hitilafu inaweza kutoa namba P0335, ingawa kukosekana kwa namba hiyo hakumaanishi kuwa sensa ni nzima. Sensa ya aina hii yenye nyaya mbili ipimwe kwa mita ikiwa ya moto, kisha ikishapoa. Kama mkondo unapita ikiwa baridi na haupiti ikiwa ya moto, mhalifu amepatikana.

Cheche ikiwepo, tugeukie mafuta. Fungua mfuniko wa tanki. Hewa ikivutwa ndani kwa nguvu na gari likawaka, tundu la hewa limeziba, na hapo hakuna cha kununua zaidi ya mfuniko. Kisha sikiliza mlio wa pampu ufunguo unapowashwa. Pampu iliyo ndani ya tanki hupozwa na mafuta yenyewe, hivyo desturi ya kuweka lita tano tano na kutembea tanki likiwa karibu tupu inaichosha pampu mapema. Tunajua fedha huja kidogo kidogo, lakini hesabu yake ni mbaya.

Kwa upande wa dizeli, kama zile Land Cruiser za injini ya 1HZ, hakuna cheche ya kutafuta. Pampu ya dizeli iliyochakaa ndani huvujisha presha dizeli inapopata moto na kuwa nyepesi, na gari hukataa kuwaka hadi lipoe. Kitambaa chenye maji kikiwekwa juu ya pampu injini ikiwa imezimwa, na gari likawaka baada ya dakika chache, pampu hiyo ipelekwe kwa fundi wa pampu. Isimwagiwe maji baridi kwa ndoo, maana inaweza kukwama. Kabla ya kuishusha, fundi apime pia umeme wa solenoidi ya kuzimia, ambayo ni nafuu zaidi.

Kwa hiyo tunaziomba kamati kuambatanisha na kila ombi la vipuri maelezo mafupi ya fundi: geji ilisomaje, cheche ilikuwepo au la, mafuta yalifika au la, na mita ilionyesha nini gari likiwa la moto. Picha ya simu inayoonyesha kipimo inatosha.